Sensa ya oksijeni kwenye gari la zamani: usome kodi, upime kwa mita, au ubadilishe tu?

Gari lina umri wake. Limeanza kula mafuta, sailensi (mwendo wa injini ikiwa imewaka bila kukanyagwa) haitulii, ukikanyaga linajivuta kwanza ndipo liende, na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Unachomeka kifaa cha kusomea, kinatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, inayotaja sensa ya oksijeni. Kuanzia hapo kuna njia kadhaa za kwenda, na zinatofautiana sana kwa gharama, kwa muda na kwa uhakika wa jibu.

Msimamo wangu nautoa mapema kwa ajili ya mwenye haraka. Kama gari lako lina OBD-II ya kweli, yaani mfumo wa pamoja wa magari kuripoti hitilafu zao kupitia soketi, nunua kifaa kinachoonyesha data injini ikiwa inafanya kazi, ukiongeze multimita ya kidijitali ya kawaida. Viwili hivyo vitakutosha kwa sehemu kubwa ya matatizo. Kama gari ni la kabla ya hapo, anza na multimita na geji ya vakyumu. Osiloskopu, chombo kinachochora umbo la ishara ya umeme, ni ya baadaye, na kwa wengi haitahitajika kabisa. Kununua sensa mpya kwa kukisia kuna wakati wake, lakini wakati huo ni mfinyu kuliko watu wanavyodhani.

Sensa inapima nini hasa

Sensa ya kawaida ya magari haya ina kichwa cha zirkonia. Upande wa ndani unagusa hewa safi, upande wa nje unagusa moshi wa injini. Ikishapata joto, kuanzia kama nyuzi 300 za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzalisha umeme mdogo: karibu volti 0.9 moshi ukiwa hauna oksijeni iliyobaki, yaani mafuta yamezidi; karibu volti 0.1 oksijeni ikiwa imebaki nyingi, yaani hewa imezidi. Mpaka uko kwenye 0.45, pale ambapo kilo 14.7 za hewa zinakutana na kilo moja ya petroli. Kompyuta ya gari haikai hapo katikati ikatulia. Inaongeza mafuta hadi sensa iseme yamezidi, inapunguza hadi iseme yamepungua, kisha inarudia. Kwa hiyo sensa nzima huonekana ikipanda na kushuka muda wote.

Jambo la kushika ni kwamba sensa hii haioni petroli. Inaona oksijeni tu. Silinda ikimisi, petroli yake inatoka bila kuungua, na oksijeni yake nayo inatoka bila kutumika. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaripoti kwamba hewa imezidi, na kompyuta inaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari inatoa petroli mbichi kwenye ekzosi. Vivyo hivyo gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikitoboka kabla ya sensa: hewa ya nje inanyonywa katikati ya mapigo ya moshi, sensa inaisoma kama kawaida, na gari linaanza kula mafuta. Katika hali zote mbili sensa imesema kweli. Ukiibadilisha, mpya itasema hivyo hivyo.

Njia zote zinazofuata nazipima kwa swali moja: inakusaidia kutofautisha sensa mbovu na sensa nzima inayoona ubovu wa kitu kingine?

Kwanza, gari lako ni la kizazi gani?

Bosch ndio walioanza kuitengeneza sensa hii kwa wingi, na mwaka 1976 ikaingia kwenye magari ya Volvo. Kwa miaka mingi baada ya hapo kila kiwanda kilikuwa na lugha yake ya kuripoti hitilafu. Marekani ilikuja kulazimisha OBD-II kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Tahadhari hapa: yapo magari ya katikati ya miaka ya tisini yenye soketi ya pini 16 inayofanana kabisa na ya OBD-II, lakini kompyuta yake inaongea lugha ya kiwanda. Kifaa cha bei nafuu kikigoma kuunganika, usikimbilie kulaumu kifaa wala soketi.

Kizazi cha kabla ya hapo kina kodi za kukonyeza. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo unafungua kile kisanduku kidogo cha uchunguzi chini ya boneti, unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu mikonyezo ya taa. Miwili, pumziko, mmoja: kodi 21, mkondo wa sensa ya oksijeni. Kodi 25 ni hewa imezidi, 26 ni mafuta yamezidi. Honda za kizazi hicho hutoa kodi 1 kwa sensa ya oksijeni, Nissan hutoa 33, na General Motors hutoa 13, huku 44 na 45 zikiwa za hewa na mafuta kuzidi. Haigharimu kitu zaidi ya kipande cha waya. Ila inaishia kwenye jina la mkondo, haikupi namba yoyote ya kufanyia kazi.

Angalia pia idadi ya waya za sensa. Waya moja au mbili ni sensa isiyo na hita, inategemea joto la moshi peke yake. Waya tatu au nne ina hita ndani. Ukikuta waya nyingi zaidi ya hapo, au gari ni Toyota ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini, huenda una sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo ni kitu kingine. Hiyo hairuki kati ya 0.1 na 0.9. Kwenye Toyota huonyesha karibu volti 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa, na vifaa vingine vya kawaida huigawa kwa tano na kukuonyesha 0.66 iliyotulia. Mtu asiyejua hili ataiona imetulia, aseme imekufa, na anunue nyingine ambayo si ya bei ndogo.

Kubadilisha kwa kukisia

Faida yake ni haraka, na sensa ni kitu kinachochakaa kweli. Zisizo na hita hutegemewa kwa kilomita 50,000 hadi 80,000. Zenye hita za kizazi cha kwanza kama 100,000. Za baadaye hadi 160,000 hivi. Kama gari lina kilomita nyingi, sensa ya mbele (iliyo karibu na injini) ni ile iliyotoka nayo kiwandani, na ulaji wa mafuta umepanda polepole bila dalili nyingine yoyote, kuibadilisha si upuuzi. Ni matengenezo.

Upuuzi unaanza pale dalili ni nyingine. Gari linatetema kwenye sailensi? Sensa iliyochakaa huweza kusababisha hivyo, lakini mbele yake kwenye foleni kuna plagi, koili, mipira ya vakyumu iliyopasuka, na vali ya sailensi iliyojaa masizi. Gari linakosa nguvu mlimani? Sensa karibu haihusiki, kwa sababu ukikanyaga mpaka chini kompyuta nyingi za zamani huacha kuisikiliza na kutumia jedwali lao lenyewe la mafuta.

Kuna mtihani wa bure ambao mafundi wengi hutumia: chomoa soketi ya sensa ya mbele, endesha kidogo, uone tofauti. Gari likitulia na kuvuta vizuri bila sensa, basi sensa ilikuwa inadanganya, au kuna kitu kinachoidanganya, kwa mfano ekzosi inayovuja. Lisipobadilika kabisa, ubovu huenda uko kwingine. Ni mtihani wa kukuelekeza upande, usiutumie kama hukumu. Na taa itawaka, hilo ulitegemee.

Kusoma kodi peke yake

Kifaa cha kusoma na kufuta kodi ndicho cha bei ya chini kuliko vyote vya kielektroniki, na ndicho kinachopoteza watu wengi zaidi. Tofauti iko kwenye aina ya kodi unayopata.

P0135 inahusu hita ya sensa ya mbele, na P0141 hita ya sensa ya nyuma. Hizi ni kodi za umeme, na zinaaminika. Angalia fyuzi, pima hita kwa multimita, umemaliza. P0133 inasema sensa ya mbele inajibu polepole. Hii nayo huwa ya kweli mara nyingi, ingawa uvujaji wa ekzosi huweza kuiwasha. Lakini P0171, hewa imezidi, na P0172, mafuta yamezidi, si kodi za sensa kabisa. Zinasema kompyuta imefika mwisho wa uwezo wake wa kusahihisha mchanganyiko. Sensa ndiyo iliyoripoti, basi.

P0420 ndiyo inayouza sensa nyingi za nyuma bila sababu. Inahusu katalisti, kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, ile mafundi wanayoiita masega. Sensa ya nyuma ipo pale kuangalia kama masega yanafanya kazi. Masega yakiwa mazima, sensa hiyo hutulia kwenye volti 0.6 hadi 0.8 hivi. Ikianza kupanda na kushuka kama ya mbele, masega yamechoka au ekzosi inavuja karibu nayo, na kuweka sensa mpya hakubadilishi lolote.

Kitu kimoja kabla ya kufuta kodi: andika kumbukumbu ya tukio ambayo kompyuta huhifadhi pamoja na kodi. Ina joto la injini, mizunguko yake kwa dakika, mzigo na kasi ya gari wakati hitilafu inarekodiwa. Kodi iliyojitokeza injini ikiwa baridi kwenye sailensi na kodi hiyo hiyo iliyojitokeza kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa zina visababishi tofauti. Ukifuta, kumbukumbu hiyo inaondoka, na masahihisho ya mafuta ambayo kompyuta imejifunza kwa muda mrefu yanarudi sifuri. Umefuta ushahidi.

Data injini ikifanya kazi

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu kwa gari lenye OBD-II. Kifaa kidogo cha Bluetooth cha jamii ya ELM327 na programu kwenye simu kinatosha, ila jihadhari na nakala za bei ya chini kabisa. Nyingine zinaunganika na kukatika, nyingine hazijui baadhi ya amri. Kifaa cha mkononi chenye kioo chake ni ghali kidogo lakini hakikusumbui.

Wengi wakifungua programu hukimbilia grafu ya sensa ya oksijeni. Mimi nasema anza na masahihisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwenye kipimo chake cha msingi. Jumlisha hayo mawili. Jumla ikiwa kati ya −5 na +5 injini iko sawa. Ikivuka 10 upande wowote, kuna kitu. Ikikaribia 25, kwenye magari mengi taa iko njiani kuwaka.

Namba moja peke yake haitoshi. Unaisoma injini ikiwa na joto kamili katika hali tatu, kisha unatazama mwelekeo wake:

| Chanzo | Sailensi | Mizunguko 2,500, gari limesimama | Barabarani, mzigo mkubwa |
|---|---|---|---|
| Hewa inaingia baada ya kifuniko cha hewa kinachofunguka ukikanyaga (mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi) | chanya kubwa | inashuka karibu na sifuri | kawaida |
| Pampu dhaifu au filta ya mafuta iliyoziba | kawaida au juu kidogo | inapanda | inapanda zaidi |
| Sensa ya kiasi cha hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) iliyochafuka | kawaida, pengine hasi | inapanda | inapanda zaidi |
| Injekta inayovuja, au rejuleta ya presha iliyotoboka | hasi kubwa | inasogea kuelekea sifuri | karibu na kawaida |

Mstari wa kwanza ndio utakaoukuta mara nyingi kwenye gari la zamani lenye sensa ya kiasi cha hewa, kwa sababu mpira hauvumilii joto miaka ishirini. Uwazi mdogo unaoingiza hewa ile ile ni sehemu kubwa ya hewa yote kwenye sailensi, na ni kitu kidogo injini ikivuta kwa nguvu. Mstari wa pili na wa tatu, kama unavyoona, vinafanana. Data imefika mwisho wake hapo. Kinachotofautisha ni geji ya presha ya mafuta.

Injini yenye pande mbili, kama V6, inakupa ziada. P0171 na P0174 (hewa imezidi upande wa kwanza na wa pili) zikija pamoja, chanzo ni cha pande zote: mafuta, sensa ya kiasi cha hewa, au uvujaji mkubwa wa hewa. Ikija moja tu, tafuta upande huo, na hapo sensa ya upande huo inaingia kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kuna kipimo kingine cha data kisichohitaji hata kuwasha injini. Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua swichi usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yanapaswa kukaribiana sana, na yote yakaribiane na hali ya hewa ya nje. Sensa ya maji ikisoma −40, waya umekatika au sensa imekufa. Ikisoma baridi kuliko hali halisi, kompyuta inamwaga mafuta kama ya injini baridi, na utakuwa unaitafuta sensa ya oksijeni isiyo na kosa. Thamostati iliyogoma kufunga huleta hali hiyo hiyo: injini haifiki joto, kompyuta inachelewa kuanza kuifuata sensa.

Udhaifu wa njia hii ni kasi. Magari ya OBD-II ya miaka ya mwanzo hutuma data polepole, na ukichagua vipimo kumi kwa pamoja kila kimoja kinapata zamu baada ya muda mrefu. Grafu ya sensa inayoonekana nzito inaweza kuwa ni mawasiliano mazito. Ukitaka kuiangalia sensa, chagua kipimo hicho kimoja, vingine viache.

Multimita

Kwa gari la kabla ya OBD-II hiki ndicho chombo kikuu, na kwa la baada yake ndicho kinachothibitisha. Iwe ya kidijitali yenye upinzani mkubwa wa kuingilia, megaomu 10. Karibu zote za siku hizi ziko hivyo. Mita za zamani za mshale huvuta umeme mwingi kutoka kwenye sensa na kuharibu kipimo.

Usikate waya. Chukua pini nyembamba, ipenyeze nyuma ya soketi kando ya waya wa ishara mpaka iguse chuma, kisha ushike mkia wake kwa klipu ya mita. Mkono mwingine wa mita uende kwenye hasi ya betri au waya wa hasi wa sensa. Kwenye Bosch waya wa ishara kwa kawaida ni mweusi, hita ni mbili nyeupe, kijivu ni hasi. Denso hugeuza: mbili nyeusi ni hita, bluu ni ishara, nyeupe ni hasi. Thibitisha kwa mchoro wa gari lako kabla ya kuamini rangi.

Pasha injini, ishikilie kwenye 2,500 kwa dakika mbili, kisha tazama. Toyota katika vitabu vyao vya magari haya walitaka ishara igeuke angalau mara 8 ndani ya sekunde 10 kwenye mizunguko hiyo. Lakini kipimo chenye maana zaidi ni kuilazimisha. Kanyaga ghafla na kuachia: volti ipande kupita 0.8. Chomoa mpira mmoja wa vakyumu: volti ishuke chini ya 0.2. Sensa iliyofanya yote mawili upesi iko hai, hata kama kabla ya hapo ilikuwa imeganda upande mmoja. Iliganda kwa sababu mchanganyiko ndivyo ulivyo. Acha kuishughulikia, tafuta kinachofanya hewa au mafuta yazidi.

Ikibaki karibu na 0.45 bila kusogea, sensa haizalishi kitu: imekufa, haijapata joto, au waya umekatika na unachosoma ni volti ya kompyuta yenyewe. Ikiwa sifuri tupu hata ukiizidishia mafuta, tafuta waya uliogusa bodi, kisha ishuku sensa.

Hita ni rahisi zaidi. Chomoa soketi, pima waya mbili za hita: omu chache hadi kama ishirini. Mita ikionyesha hakuna njia, hita imekatika na sensa inabadilishwa bila mjadala. Hita ikiwa nzima, pima upande wa gari kama volti 12 inafika. Magari mengine huipeleka injini ikiwa imewaka tu. Jambo la kutofanya kamwe ni kupima omu kwenye waya wa ishara. Mita hupeleka umeme wake ndani ya zirkonia na unaweza kuiharibu sensa iliyokuwa nzima.

Baadhi ya Nissan na Jeep za zamani zina sensa za titania, ambazo hazizalishi umeme, zinabadili upinzani tu. Vipimo vya hapo juu havizihusu. Kwa hizo fuata kitabu cha gari.

Multimita inashindwa pale sensa ipo hai lakini imezeeka. Namba kwenye kioo hubadilika polepole, na kuchelewa kwa sehemu ya sekunde hakuonekani.

Osiloskopu

Inaonyesha umbo la ishara yenyewe. Ukiizidishia mafuta ghafla, sensa nzuri huvuka kutoka hewa imezidi hadi mafuta yamezidi ndani ya kama milisekunde 100. Iliyochoka hupanda kama mteremko. Ni jibu safi kwa P0133, na inaonyesha silinda inayomisi kwa vidoa vya kushuka kwenye mstari. Zipo ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta ya mezani. Kwa mwenye gari moja bado ni ghali kuliko sensa yenyewe, na inadai ujue unachokitazama. Kama fundi wako anayo, lipia nusu saa yake badala ya kuinunua.

Vipimo visivyogusa sensa kabisa

Hivi hudharauliwa, na kwa gari la zamani mara nyingi ndivyo vinavyomaliza kesi. Geji ya vakyumu ikiunganishwa kwenye manifoldi, injini yenye afya karibu na usawa wa bahari hushikilia inchi 17 hadi 22 za zebaki kwenye sailensi, mshale ukiwa umetulia. Ukipanda mwinuko toa inchi moja kwa kila mita 300 hivi. Mshale ulio chini lakini umetulia: hewa inavuja, au majira ya plagi kutoa cheche yamechelewa. Mshale unaorukaruka kwa mpangilio: vali. Shikilia 2,500 uangalie. Mshale ukishuka taratibu, ekzosi imeziba, na hapo masega yameyeyuka au kuvunjika ndani. Hakuna kodi itakayokwambia hilo kwa uwazi huo.

Presha ya mafuta kwenye mifumo mingi ya zamani yenye bomba la kurudisha ni kama baa 2.5 hadi 3. Na wakati upo hapo, chomoa kampira ka vakyumu kwenye rejuleta ya presha ukanuse. Petroli ndani yake maana yake diaframu imetoboka na injini inanyonya mafuta kupitia hapo. Ni kosa la P0172 linalopatikana kwa pua.

Kutafuta hewa inayovuja, wengine hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini ya moto. Inafanya kazi, na inaweza kuwaka moto. Maji kwenye chupa ya kupuliza hukufikisha karibu pale pale: yakifunika ufa, sailensi hubadilika kwa muda. Karakana yenye mashine ya moshi ni bora kuliko vyote viwili, kwa kuwa moshi unaonyesha hata ufa usiofikika.

Ukifika kwenye kununua

Kabla ya kutupa ya zamani, itazame kichwa. Masizi meusi makavu: mafuta yalizidi. Unga mweupe: silikoni, mara nyingi kutoka kwenye gundi ya gasketi isiyofaa kwa sensa. Ukoko wenye chembechembe za kijani au nyeupe: maji ya rejeta yanaingia kwenye mwako. Kahawia ya mafuta: injini inakula oili. Usipoondoa chanzo, mpya itafuata njia hiyo hiyo, na kuisugua ya zamani kwa brashi na petroli hakuirudishi.

Kati ya sensa yenye soketi ya gari lako na ile ya jumla ya kuunganisha waya, chukua ya kwanza kama bei inaruhusu. Ya jumla ni nzuri ikiwa kampuni ni ile ile, kwa mfano Bosch, Denso au NTK, lakini waya zibanwe kwa viungio vya kubana, zisiunganishwe kwa risasi ya moto. Sensa nyingi huvuta hewa yao safi kupitia katikati ya waya, na risasi huziba njia hiyo. Ya mtumba siipendekezi kwa bei yoyote. Unanunua kilomita za mtu mwingine.

Fungua sensa injini ikiwa vuguvugu, si ya moto, kwa soketi ya milimita 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya. Sensa mpya nyingi huja na grisi yake kwenye nyuzi. Usiongeze nyingine, na chochote kisiguse kichwa. Ukiwa umeifunga, futa kodi, endesha siku kadhaa katika hali mchanganyiko, kisha rudi kwenye zile namba tatu za masahihisho ya mafuta. Jumla ikiwa bado +18 kwenye sailensi, sensa mpya inafanya kazi vizuri. Tafuta mpira uliopasuka.